Kukandwa baada ya palizi si anasa, na zamu ianze kwa mama



Leo sitazungumzia mbegu, mbolea wala bei ya mahindi. Nitazungumzia zana ambayo kila kaya inayo, inayotumika kuanzia kusafisha shamba hadi kupakia gunia la mwisho, na ambayo ikiharibika haina spea dukani. Zana hiyo ni mwili wako.

Jembe likipungua makali, tunalinoa. Pikipiki ikifika muda wake, tunaibadilisha oili. Bomba la kupulizia dawa tunaliosha na kulitundika. Lakini mgongo uliopalilia tangu saa kumi na mbili asubuhi unapewa nini jioni? Kwa wengi wetu unapewa ndoo nyingine ya maji, au kidonge cha maumivu, na kesho unarudishwa shambani ukiwa vilevile.

Maoni yangu ni haya, na najua wapo watakaocheka: kukandwa jioni baada ya kazi nzito ni sehemu ya kazi ya shamba, kama kunoa jembe. Si anasa ya watu wa mjini. Na katika kaya zetu huduma hiyo isiwe ya baba peke yake. Zamu ianze kwa aliyefanya kazi nyingi zaidi siku hiyo, na mara nyingi huyo ni mama.

Neno lenyewe lisituchanganye

Nikisema "masaji", wengine wanafikiria vyumba vya mjini vyenye mapazia, bei kubwa na sifa mbaya. Basi tuliache neno hilo. Sisi tuna kukanda na kuchua, na tumekuwa nako tangu enzi za mababu. Mama aliyejifungua hukandwa. Mtoto mchanga hupakwa mafuta na kunyooshwa viungo. Aliyeteguka hupelekwa kwa mzee anayejua kuchua. Huku pwani bibi harusi husingwa kabla ya siku yake. Kwa hiyo mikono ya kukanda tunayo. Tunachokosa ni kuitumia kwa mtu mzima ambaye hajaugua, amechoka tu kwa kazi. Tunasubiri mtu alale kitandani ndipo tumguse.

Wanamichezo hawasubiri. Ukienda uwanja wa Mkwakwani pale Tanga kutazama Coastal Union, utakuta kwenye mabenchi watu wanaoitwa wachua misuli. Ni kazi yenye jina na mshahara. Wakimbiaji wa Kenya wanaofanya mazoezi Iten na Kaptagat nao hukandwa mara kwa mara, na kukandwa huko kumo kwenye ratiba kama mbio zenyewe. Watu hao wanakula kwa miguu yao, hivyo wanaitunza. Sisi tunakula kwa mgongo, mabega na viganja.

Kazi yetu ni mazoezi mazito

Wapo watakaosema kwamba mazoezi ni ya wachezaji, mkulima anafanya kazi tu. Misuli haijui tofauti hiyo. Misuli inajua uzito, muda na idadi ya mara ulizoinama.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme unapalilia kwa jembe la mkono na unapiga jembe mara 20 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 1,200. Kwa saa nne ni mara 4,800, umeinama, na kila pigo linapita kwenye viganja, mabega na kiuno. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Safari tatu za kwenda lambo au kisimani ni kilo 60 zilizopita juu ya shingo ya mtu mmoja. Bomba la kupulizia la lita 16 likijaa linazidi kilo 16 mgongoni, na tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017 wengi wenu mnalibeba mara nyingi zaidi kuliko zamani. Anayepandikiza mpunga kule Mombo anashinda ameinama ndani ya tope. Mkataji wa mkonge wa Ngombezi au Hale anakata, anafunga na kubeba juani. Kijana anayepakia machungwa au mahindi kwenye fuso naye yumo.

Septemba 2025 Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alishinda dhahabu ya marathon kwenye mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo. Ni kilomita 42 na ushee. Nchi nzima ilifurahi, na ilistahili. Lakini mkimbiaji wa marathon hushindana mara chache kwa mwaka, na baada ya mbio hupumzika. Mkulima wa Handeni mvua za masika zikikubali ana mbio zake kila siku kwa wiki kadhaa mfululizo, na akifika nyumbani hakuna anayemsubiri na taulo.

Na mbio hizo haziahirishwi. Mnajua mahindi yanavyochukia magugu katika wiki za mwanzo, hadi karibu wiki ya sita tangu kuota. Ukilala siku tatu kwa sababu kiuno kimekataa, magugu hayalali. Utalipa kibarua, au utavuna pungufu. Kwa hiyo uchovu usiotunzwa ni hasara ya shamba kabisa, unaweza kuihesabu kwa debe.

Kinachotokea ndani ya misuli

Ukifanya kazi nzito, hasa siku za kwanza za msimu baada ya kukaa muda bila jembe, nyuzi ndogo za misuli huchanika kidogo. Mwili unatuma damu na joto kwenda kukarabati. Ndiyo maana maumivu hayaji palepale. Huanza kesho yake na kukolea kati ya saa 24 na 72. Siku ya pili unaamka hujiwezi, ukidhani umelogwa au umepata malaria. Ni ukarabati unaendelea.

Wengi wameambiwa kwamba maumivu hayo yanaletwa na asidi ya laktiki iliyoganda kwenye misuli, na kwamba kukanda kunaikamua itoke. Si kweli. Asidi hiyo huondoka yenyewe ndani ya muda mfupi baada ya kupumzika, kabla hata hujaoga. Kukanda hakutoi sumu wala gesi.

Basi kunasaidia nini? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliwachosha vijana 11 kwa kuendesha baiskeli za mazoezi, kisha wakawakanda mguu mmoja kwa dakika 10 na kuuacha mwingine. Walichukua vipande vidogo vya misuli kutoka miguu yote miwili na kulinganisha. Mguu uliokandwa ulionyesha dalili ndogo zaidi za uvimbe wa ndani, na dalili kubwa zaidi za kujenga upya vile viwanda vidogo vinavyotengeneza nguvu ndani ya misuli. Asidi ya laktiki haikubadilika.

Huo ni utafiti mdogo, watu 11 tu. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walikusanya tafiti 29 zenye watu zaidi ya 1,000. Walikuta kwamba kukandwa hakumwongezei mtu nguvu wala kasi. Kunachofanya ni kupunguza kwa kiasi maumivu yale ya siku ya pili na kulegeza viungo kidogo. Nawaambia hivi kwa makusudi, ili mtu asije akawauzia miujiza. Hutakandwa leo ukalima ekari mbili kesho. Utaumwa kidogo chini ya ambavyo ungeumwa, utainama kwa urahisi zaidi, na utalala vizuri zaidi. Kwa mtu anayerudi shambani kesho alfajiri, hicho si kidogo.

Vidonge vya kila jioni

Hapa ndipo penye jambo zito, na ndiyo sababu hasa ya kuandika leo. Wakati wa palizi na wakati wa mavuno, vidonge vya maumivu vinauzwa vijijini kama pipi. Mtu anameza diklofenaki asubuhi ili aweze kwenda shambani, na nyingine jioni ili aweze kulala. Anafanya hivyo wiki nzima, mwezi mzima, tumbo likiwa tupu.

Dawa za kundi hilo, diklofenaki na ibuprofeni, zina kazi yake na daktari anaziandika kwa sababu. Lakini zikitumiwa mfululizo bila ushauri zinachubua tumbo na kuleta vidonda, zinaweza kupandisha shinikizo la damu, na zinaumiza figo. Figo huumia zaidi mtu akiwa hana maji ya kutosha mwilini, na mkulima aliyeshinda juani na kidumu cha lita moja ndiye mtu huyo hasa. Mjamzito hatakiwi kuzitumia bila kuelekezwa na mtaalamu, hasa mimba ikipita wiki 20.

Zaidi ya hapo, kidonge hakikarabati misuli. Kinazima kengele. Ukizima kengele na kuendelea kubeba, unabeba juu ya jeraha ambalo hulisikii.

Sisemi kwamba kukandwa ni badala ya hospitali. Nasema kwamba kwa uchovu wa kawaida wa kazi, mkono wa mwenzako, maji ya uvuguvugu, chakula na usingizi vije kwanza, na kidonge kije mwisho. Leo kwa wengi wetu kidonge ndicho cha kwanza na mkono haupo kabisa.

Nani anamkanda mama?

Sasa niingie ndani ya nyumba, na nasema haya nikiwa mwanaume na bwana shamba.

Katika nyumba nyingi kukanda kupo, ila kunakwenda upande mmoja. Baba akirudi anasema mgongo unamuuma, mama anachukua mafuta na kumkanda. Ni jambo jema. Lakini mama huyohuyo aliamka kabla ya baba, akateka maji, akaenda shamba lilelile na kulima ngwe ileile, akarudi na kuni kichwani, akapika, akaosha vyombo, na mtoto yuko mgongoni. Mgongo wake unamuuma saa ngapi, na anamwambia nani?

Wengine watasema mila haimruhusu mwanaume kumkanda mke wake. Mimi sioni mila hiyo. Naona mazoea. Mila zetu zinamkanda mama akijifungua, maana wazee walijua kwamba mwili uliofanya kazi kubwa unahitaji mikono ya watu wengine. Tumebakiza hekima hiyo kwenye uzazi tu na kuisahau kwenye jembe.

Wengine watasema, "Bwana shamba, hayo ni mambo ya chumbani, wewe tuambie habari za mbolea." Nami najibu kwamba mama ndiye nusu ya nguvukazi ya shamba lako, na kwenye mashamba mengi ni zaidi ya nusu. Ukimnunulia ng'ombe wa kukokota jembe, utamlisha na kumpumzisha, na ukiona kidonda begani utakipaka dawa. Mwenzako wa maisha hastahili pungufu ya hapo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni zamu. Leo anakandwa huyu dakika 15 au 20, kesho yule. Jioni ambayo mama anakandwa, baba au watoto wakubwa ndio wanaosha vyombo na kuteka maji. Bila hilo la mwisho zamu haina maana, maana atakandwa kisha aamke kwenda kubeba ndoo.

Na wajane, wazee na wanaoishi peke yao? Tuna msaragambo wa kuchimba barabara na kujenga darasa. Kina mama wana vikoba na vikundi vya kulimiana. Hakuna ubaya kikundi kikimaliza ngwe ya mwenzao kikakaa chini ya mwembe nusu saa, wakakandana mabega na mikono. Heshima izingatiwe, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, kila mtu na nguo zake.

Kichwa nacho kinachoka

Msimu mbaya hauumizi mgongo tu. Mvua za vuli zikikata mapema, mkopo wa mbegu ukabaki, au mnunuzi akashusha bei mkiwa mmeshajaza magunia, mtu anarudi nyumbani na mawazo. Halali. Anakuwa mkali kwa watoto. Wengine wanaishia kilabuni.

Tafiti zimeonyesha kwamba mtu akikandwa taratibu, mapigo ya moyo hupungua kasi na wasiwasi hushuka kwa muda. Lakini hata bila utafiti mnajua wenyewe. Mtu anayekandwa hunyamaza kidogo, kisha huanza kusema. Mambo ambayo hayakusemeka mezani yanasemeka pale. Kwa wanandoa waliokuwa wanazungumza kuhusu madeni na ada za shule tu, dakika 20 za kuguswa bila kudaiwa kitu ni jambo kubwa.

Mpaka wake upo pia. Mtu akikaa wiki mbili mfululizo hana hamu ya kitu chochote, hali, halali, au anazungumza habari za kujidhuru, hiyo si kazi ya mafuta ya nazi. Inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Apelekwe kituo cha afya, na asiachwe peke yake.

Namna ya kukanda

Huhitaji chochote cha kununua mjini. Fuata hatua hizi.

1. Oga kwanza. Kama siku hiyo umepuliza dawa ya wadudu au magugu, oga kwa sabuni mwili mzima na ubadilishe nguo kabla hujaguswa na mtu. Ukimpaka mafuta na kumsugua mtu mwenye sumu kwenye ngozi unaisambaza, na unampa na anayekanda. Hili msilisahau kabisa.

2. Tafuta mafuta. Ya nazi, ya ufuta au ya alizeti yanatosha. Kazi ya mafuta ni kufanya mkono uteleze, si kuponya. Usitumie mafuta ya taa, oili ya pikipiki wala maji ya betri. Dawa za kuchua zenye kuwasha zitumike kidogo, zisifike machoni wala kwenye kidonda.

3. Anza na joto. Kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kiwekwe kiunoni au mabegani kwa dakika tano. Pima maji kwa kiwiko chako. Yakikuchoma wewe, yatamchoma na yeye.

4. Anza chini upande juu. Anza na nyayo, kisha nyuma ya mguu chini ya goti, kisha paja. Pitisha viganja taratibu kuelekea moyoni, mara kumi hivi kila sehemu, ndipo ukande kwa vidole.

5. Kiuno na mgongo. Weka vidole gumba pembeni ya uti wa mgongo, upande huu na huu, na upande navyo hadi mabegani. Usibonyeze mfupa wenyewe wa uti wa mgongo. Usimpande mtu mgongoni kwa miguu, na usimkunje mpaka alie.

6. Mabega na shingo. Hapa ndipo ndoo na bomba vinapoacha alama. Kamata nyama ya bega kwa kiganja, ikande kama unga wa chapati, uachie. Shingo iguswe kwa wepesi, upande wa nyuma tu. Usiivunje ili ilie.

7. Viganja. Watu wengi huviruka, na ndivyo vilivyoshika mpini siku nzima. Kanda kuanzia kwenye kiwiko kushuka hadi katikati ya kiganja, kisha vuta kila kidole polepole.

8. Uliza. Anayekandwa ndiye anayesema nguvu kiasi gani. Maumivu kidogo ya kupendeza ni sawa. Akishika pumzi au kukaza mwili, umezidisha. Imani kwamba kukanda ni lazima kuume ndiyo inayowakimbiza watu.

Anayeishi peke yake anaweza kujikanda miguu na mikono mwenyewe. Kwa mgongo, weka mpira mdogo kati ya mgongo na ukuta, kisha upande na kushuka taratibu.

Baada ya hapo anywe maji, ale, alale. Kukandwa bila usingizi ni kazi nusu.

Pasipokandwa

Wapo wakandaji wazuri vijijini, na wapo wanaoumiza. Usikande wala usikubali kukandwa katika hali hizi:

- Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, na mwingine uko sawa. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiukanda, donge linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.
- Mfupa unaodhaniwa kuvunjika au kutoka mahali pake. Ufungwe usitikisike, aende hospitali.
- Mteguko mpya. Siku mbili za kwanza pumzisha, inua, weka kitambaa cha maji baridi. Kuchua kungoje.
- Homa, jipu, kidonda, ngozi iliyoungua, au mishipa iliyotuna miguuni.
- Tumbo la mjamzito. Hakuna kumgeuza mtoto kwa mikono nyumbani.
- Mama aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo. Na mama yeyote mzazi asikandwe kwa maji ya moto yanayochoma. Nia ni njema, lakini wapo wanaobabuka.
- Maumivu ya mgongo yanayokuja na ganzi ya miguu, au kushindwa kuzuia mkojo. Haraka hospitali.
- Maumivu ya kifua yanayokwenda bega au mkono wa kushoto, na jasho. Huo unaweza kuwa moyo. Usipoteze muda kutafuta mafuta.

Neno kwa wafanyabiashara

Ninyi mnanunua mazao na mnaajiri vijana wa kupakia. Wengine mna maduka yanayouza vidonge. Nina maombi mawili.

La kwanza ni lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo mara nyingi. Lumbesa inamwibia mkulima, hilo tunalijua. Tunachosahau ni kwamba inavunja mgongo wa aliyeibeba. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani linapendekeza kwamba mzigo wa mtu mmoja, mwanaume mzima, ukizidi kilo 55 hatua zichukuliwe kuupunguza, na kwa mwanamke uwe pungufu sana ya hapo. Kwa hiyo hata gunia halali la kilo 100 si la mtu mmoja. Fungasha kwa kilo 50, au wabebe wawili. Kukanda hakufuti lumbesa. Ukimkanda kijana jioni na kumpandishia kilo 120 kesho, umepaka rangi nyumba inayobomoka.

La pili ni vidonge. Kama huna kibali cha duka la dawa muhimu, usiuze diklofenaki kwenye duka la sabuni na chumvi. Kama unacho, mteja anayerudi kila siku mbili kununua vidonge vya mgongo usimuuzie kimya kimya. Mwambie aende akapimwe. Wewe ndiye unayeona hesabu ambayo daktari haioni.

Na kama una jicho la biashara, mafuta ya ufuta na ya nazi kwenye chupa ndogo yana soko wakati wa palizi. Ufuta tunaulima wenyewe. Na mkandaji mzuri wa kijiji alipwe kama fundi mwingine yeyote.

Jaribuni palizi moja

Sisemi mbadilishe maisha. Jaribuni kwa palizi moja. Kubalianeni nyumbani siku za zamu, mathalani tatu kwa wiki, dakika 20, saa mbili usiku baada ya kula. Andikeni kwenye daftari la shamba, palepale mnapoandika mbolea na vibarua: nani amekandwa, vidonge vingapi vimemezwa wiki hiyo, na siku ngapi mtu ameshindwa kwenda shamba. Mwisho wa palizi linganisheni na msimu uliopita.

Wengi wenu mtasema muda hakuna. Dakika 20 zipo, zinatumika kusubiri kidonge kifanye kazi. Wanaume wenzangu, usiku wa leo msingoje kuombwa. Teka maji ya kuosha miguu yake, chukua mafuta, umwambie mama akae.